Mzunguko Mrefu wa Msituni Majira ya Baridi: Namna ya Kuupanga na Kuumaliza kabla ya Giza

Kuna utepe mmoja wa plastiki, mwekundu kwa mweupe, ambao sijausahau. Ulikuwa umefungwa kutoka mti hadi mti ukikata njia niliyokuwa naifuata, na nyuma yake mashine ilinguruma huku misonobari ikilala mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshatembea kilomita 11 za mzunguko wa kilomita 16, yaani njia inayozunguka na kukurudisha ulipoanzia. Mbele zimebaki 5, nyuma 11, saa yangu inasema saa 8 mchana, na jua la Desemba limeshaanza kuegemea vilele vya miti. Nikarudi nilikotoka. Kilomita mbili za mwisho nilizitembea gizani, nikimulika kwa simu ambayo chaji yake ilikuwa inakata roho.

Hakuna aliyenikosea. Taarifa ya kufungwa kwa njia ilikuwa imebandikwa kwenye ubao pale pa kuegeshea magari, nami niliupita ubao ule kama upepo kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuanza.

Njia ya kwenda na kurudi humsamehe mtu. Ukichoka unageuka, na kila hatua ya kurudi unaijua, umeipita asubuhi. Mzunguko haumsamehe mtu hivyo. Ukishavuka nusu, njia fupi ya kutoka ni ile ambayo bado hujaiona, na hujui kama kuna barafu, mti ulioanguka au utepe. Majira ya joto hilo ni jambo dogo, kwa kuwa jioni ni ndefu na utafika tu. Majira ya baridi ndilo jambo lenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na saa. Buti tutazifikia baadaye.

1. Hesabu mwanga kabla ya kuhesabu kilomita

Siku fupi kuliko zote katika nusu ya kaskazini ya dunia huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Kusini ni tarehe 20 au 21 Juni. Siku hiyo, mahali palipo kwenye latitudo ya digrii 40 jua huonekana kwa muda wa saa 9 na dakika 20 hivi. Kwenye digrii 50 ni saa 8 na dakika chache. Kwenye digrii 60 hata saa 6 hazitimii. Na hizo ni hesabu za mahali peupe. Ndani ya msitu wa misonobari iliyosongamana giza huja mapema, na kuna kipindi cha jioni ambacho juu mbingu bado ni nyeupe lakini chini huwezi kutofautisha mzizi na kivuli chake. Vifundo vingi vya miguu huteguka katika kipindi hicho.

Ukishaujua mwanga, pima muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wanaitumia mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. (Yeye alihesabu kwa maili 3 na futi 2,000, lakini inakuja palepale.) Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye miguu mizuri, kwenye njia nzuri, asiyesimama. Mimi majira ya baridi nahesabu kilomita 3.5 kwa saa kwenye njia yenye matope na barafu ya hapa na pale. Theluji mpya ikifika vifundoni nashusha hadi 2.5, na bado kuna siku nimejikuta nimejipa moyo kupita kiasi.

Tuchukue mzunguko wa kilomita 18 ambao ukijumlisha vilima vyake vyote unapanda mita 400. Naismith angekupa saa 4 na robo. Kwa mwendo wangu, kutembea peke yake ni saa 5 na dakika 10. Ongeza dakika 40 za kupanda. Ongeza tena dakika 40 za kusimama: kunywa, kuvua koti, kulivaa tena, kutazama ramani, kufunga kamba ya buti. Jumla ni saa 6 na nusu. Ukianza saa 2 na nusu asubuhi utamaliza saa 9 alasiri, na kwenye digrii 50 jua litazama karibu saa 10. Akiba yako ni saa moja. Nisingeenda na akiba ndogo kuliko hiyo. Ikipungua, fupisha mzunguko. Ukitegemea kuharakisha miguu juu ya barafu utaongeza muda wa hospitalini.

Halafu andika kitu kimoja kwenye karatasi, kwa kalamu, kabla hujatoka: saa ambayo lazima uwe umefika nusu. Kwa mfano huu ni saa 6 mchana. Kuiandika kuna maana yake. Ukiwa njiani, mwili umepata joto na mandhari ni mazuri, akili yako itaanza kukufanyia mjadala. Karatasi haijadiliani.

2. Uwekee mzunguko wako milango

Mlango ninaousema ni mahali ambapo unaweza kuuacha mzunguko na kutoka salama: njia ya kukatia kurudi ulikoanzia, barabara ya lami, kijiji, kituo cha basi. Hapa ndipo msitu unaosimamiwa unapouzidi msitu wa porini. Umekatwakatwa kwa barabara za kusombea magogo na mikanda mipana ya kuzuia moto, kwa hiyo milango ipo. Kazi yako ni kuijua kabla ya kuihitaji.

Tandaza ramani mezani na utafute mlango angalau mmoja kwa kila kilomita 4 au 5. Utie duara. Pembeni andika mlango unaelekea wapi na kutoka hapo kuna umbali gani hadi mwisho. Ukikuta kipande cha kilomita 7 au 8 kisicho na mlango wowote, kipande hicho ndicho kitakachoamua siku yako, na lazima uingie ndani yake ukiwa na mwanga tele.

Umbo ninalolipenda kuliko duara ni namba 8. Unaanzia kiunoni, unazunguka pete ya kwanza, unarudi pale kiunoni karibu na adhuhuri, ndipo unaamua kama pete ya pili unaiweza. Mtu akikuona kwenye ramani umerudi pale ulipoanzia anaweza kukucheka. Mwache acheke.

Tahadhari moja kuhusu njia za mkato. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na msitu wa kuvunwa umejaa njia za mwongo. Mashine za kubeba magogo huchonga mapito yanayoingia katikati ya kitalu, yaani kipande kimoja cha msitu, na kuishia hapohapo, kwenye visiki. Mapito hayo huwa yamenyooka, yana mifereji miwili ya magurudumu, na mara nyingi yametandikwa matawi ili mashine isizame kwenye tope. Barabara inayotoka huonekana tofauti: ina changarawe, ina mitaro pembeni, ina karavati za kupitishia maji, na kwenye mteremko hupinda kufuata umbo la kilima badala ya kukishambulia uso kwa uso. Usipoona mtaro wala karavati baada ya mita 200, geuka. Tena kumbuka kwamba mapito huzaliwa na kufa haraka kuliko ramani zinavyochapishwa. Lililopo ardhini lisilokuwepo kwenye ramani halina ushahidi wowote kwamba linakwenda mahali.

Ramani yenyewe iwe ya karatasi, ndani ya mfuko usioingiza maji, na nyingine uipakue kwenye simu ili ifunguke bila mtandao. Nyingi kati ya glavu nene haziwezi kuamrisha kioo cha simu, na vidole vitupu katika nyuzi 5 chini ya sifuri havichukui muda kuwa vijiti.

3. Amua utazunguka kwa upande gani

Watu wengi hufuata mshale wa kwanza wanaouona. Lakini mzunguko uleule ukiuanza kushoto au kulia huwa ni safari mbili tofauti.

Tafuta kwanza miteremko mikali isiyopata jua. Katika nusu ya kaskazini ni ile inayotazama kaskazini. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Barafu yake haiyeyuki mchana kutwa, kwa hiyo kusubiri jua hakukusaidii kitu. Panga uipande badala ya kuishuka. Ukipanda unaegemea mbele, mikono iko karibu na ardhi, na ukiteleza unapiga magoti. Ukishuka unaanguka kwa mgongo.

Kisha tazama kilomita 5 za mwisho. Hizo ziwe rahisi kuliko zote, ikiwezekana barabara pana ya msituni ambayo hata giza likikukuta unaweza kuifuata kwa tochi bila kuhangaika na alama. Kama upande mmoja wa mzunguko uko wazi kwenye upepo, mwishoni upepo uwe mgongoni. Jasho la siku nzima likipigwa na upepo wa usoni saa 9 alasiri, utajua nilikuwa nasema nini.

4. Msitu una wenyewe: jifunze kuusoma

Msitu wa kupandwa na kutunzwa ni mahali pa kazi, na majira ya baridi ndiyo wakati kazi inapochanganya. Ardhi iliyoganda hubeba mashine nzito bila kuvurugwa, miti inayopukutisha majani imelala, na ndege hawajaanza kutaga. Ndiyo maana njia uliyoipita kimya kimya mwezi wa Septemba unaweza kuikuta Januari imefungwa, imechimbika, au imehamishwa.

Kwa hiyo soma ubao. Wote, hadi karatasi ndogo ya pembeni iliyolowa. Kama mamlaka ya msitu ina ukurasa wa matangazo, utazame jioni ya kuamkia safari. Na ukikuta utepe au kibao cha kukataza, basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa si methali tu. Mnyororo wa mashine ya kuvunia ukikatika, kipande chake huruka kwa kasi ya risasi. Mashine nyingi zimebandikwa onyo la kukaa mbali nazo kwa mita 70 au zaidi. Kwa msumeno wa mkono, kaa angalau mbali kwa urefu wa miti miwili. Siku ya mapumziko mashine zikiwa kimya hatari haijaondoka, kwa sababu huenda kuna mti uliokatwa ukanasa kwenye matawi ya mwenzake na unasubiri sababu yoyote ya kumalizia safari yake. Pengine njia iko wazi ila unakutana na mashine inafanya kazi pembeni: simama mbali, mtazame dereva, subiri akuone na akupungie mkono. Kupita hapo ukisikiliza muziki kwa vipokea sauti vya masikioni ni kutafuta msiba.

Marundo ya magogo yana harufu tamu na yanaonekana kama benchi. Usikae, usipande, na mtoto asichezee hapo. Gogo moja la juu lina uzito wa kumzidi mtu mara kadhaa, na sakitu, ule umande ulioganda, hulifanya lote kuwa kama sabuni.

Sasa rangi kwenye miti, jambo ambalo limewapoteza wengi zaidi ya ukungu. Si kila rangi ni alama ya wasafiri. Mabwana miti nao hupaka: nukta au mstari kwa mti wa kukatwa, rangi nyingine kwa mti wa kubakizwa, namba kwenye mpaka wa kitalu. Mtu mgeni anaiona nukta nyekundu, anaona nyingine mita 10 mbele, anafurahi, na baada ya robo saa yuko katikati ya kitalu akiwa amezungukwa na miti iliyohukumiwa kifo. Kabla ya kuondoka, jua alama ya njia yako ina umbo gani hasa. Ufaransa njia ndefu zina mstari mweupe juu ya mwekundu, na msalaba wa rangi hizohizo maana yake umekosea, rudi. Polandi na Ucheki zinatumia mistari mitatu, rangi ya njia ikiwa katikati ya nyeupe mbili. Kwingine ni vibao vidogo vya mbao au nguzo zenye namba. Alama ya wasafiri hukaa kwenye makutano na kabla na baada ya kona, imeelekezwa kwa mtu anayetembea. Alama ya bwana miti imeelekezwa kwa mtu mwenye msumeno, kwa hiyo iko kwenye mti wowote ule, hata ule ulio ndani ya kichaka.

Theluji ikipigwa na upepo huganda upande mmoja wa vigogo na kufunika alama za upande huo. Ukifika makutano usione kitu, zunguka mti, futa kwa mkono, kisha geuka utazame nyuma. Mara nyingi alama ya wanaotoka upande wa pili bado inaonekana. Na ule usemi kwamba kuvu na mimea laini ya kwenye magome huota upande wa kaskazini tu, uache hukohuko ulikousikia. Msitu wenye unyevu huiotesha pande zote.

Mengine kwa ufupi. Pale ambapo barabara za msitu zimelainishwa kwa ajili ya wanaoteleza kwa ski, tembea pembeni kabisa au tafuta njia nyingine, maana nyayo zako zikiganda huharibu kazi ya usiku kucha. Nchi nyingi huwinda katika vuli na majira ya baridi: vaa kitu chenye rangi kali, na mbwa naye afungwe kitambaa cha namna hiyo. Mbwa awe kwenye kamba vilevile kwa ajili ya kulungu. Wakati huu chakula chao ni haba na wanaishi kwa kubana matumizi ya nguvu. Kila wakikurupushwa wanatumia akiba ambayo hawana pa kuirudishia. Ukibaki kwenye njia huwa wanakuzoea, wanakutazama tu ukipita.

Siku ya upepo mkali nenda kwingine. Misonobari yenye mizizi ya juujuu, kwenye udongo ulioloa, huanguka kwa safu. Theluji nzito yenye maji nayo huvunja matawi hata bila upepo. Mti ulioanguka njiani uzunguke upande wa mizizi au kileleni lakini kwa mbali, bila kuingia katikati ya rundo la miti iliyolaliana: vigogo vilivyopindwa ni upinde uliovutwa, na bonge la mizizi linaweza kurudi wima ghafla.

5. Mavazi na mzigo

Sitaandika orodha ndefu. Maduka yana hamu ya kukuandikia. Kanuni ni tabaka tatu. La ndani linyonye jasho, la kati litunze joto, la nje lizuie upepo na maji. La ndani lisiwe la pamba. Pamba hushika maji na kukaa nayo ngozini. Sufu ikiloa bado inakupa joto kiasi, na vitambaa vya kutengenezwa hukauka upesi. Anza safari ukihisi baridi kidogo. Usipohisi baridi hatua kumi za kwanza, umevaa kupita kiasi, na kwenye kilima cha kwanza utaloa jasho ambalo litakudai saa 3 baadaye.

Miguuni, buti zenye nyayo za meno makubwa, na nafasi ya kutosha kuchezesha vidole hata ukivaa soksi nene. Buti inayobana huzuia damu, na soksi ya pili ndani yake inaongeza baridi badala ya kuipunguza. Kwa barafu kuna minyororo midogo yenye meno ya chuma inayovutwa juu ya buti kwa mpira. Ni miepesi, inaingia mfukoni, na hakuna kifaa kingine kilichonibadilishia majira ya baridi kama hicho. Fimbo mbili za kutembelea zinafuata.

Tochi ya kichwani uibebe hata kama umepanga kurudi saa 8 mchana, pamoja na betri za akiba. Baridi hupunguza nguvu ya betri, hasa ya simu, ambayo inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha chaji. Ibebe mfuko wa ndani karibu na mwili, uizime data, na usiitumie kama tochi. Chai ya moto kwenye chupa ya chai. Vitafunwa vinavyolika kwa glavu na visivyoganda kuwa jiwe: karanga, tende, chokoleti iliyokatwa vipande nyumbani. Maji yabebwe chupa ikiwa imepinduliwa mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Filimbi, blanketi la foili, kipande cha godoro jembamba cha kukalia, glavu za pili, soksi za pili. Ukiviweka vyote havizidi kilo 5.

6. Siku yenyewe

Mwachie mtu ujumbe ulioandikwa: unaanzia wapi, unazunguka upande gani, milango yako ni ipi, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Saa hiyo iwe baada ya muda uliopanga kumaliza kwa saa mbili hivi, asije akaamsha watu kwa sababu tu umekaa kunywa chai.

Baada ya dakika 15 za kutembea simama uvue tabaka moja. Watu huliacha hili kwa uvivu. Kisha tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja hata kama huna njaa, na kunywa hata kama huna kiu, kwani baridi huficha kiu. Vituo viwe vifupi, dakika 5 hadi 10, na kabla hujakaa, vaa koti. Kabla, si ukishaanza kutetemeka.

Macho yako yazoee sura za barafu. Inayong'aa unaiona na unajihadhari nayo. Hatari ni theluji iliyokandamizwa na magurudumu hadi ikawa kijivu, na madaraja ya mbao yenye sakitu, na majani yaliyoloa juu ya mizizi. Hapo punguza hatua, weka wayo mzima chini, magoti yalegee kidogo. Bwawa lililoganda usilivuke hata kama kuna nyayo za mwingine juu yake. Hujui alipita lini wala ana kilo ngapi.

Kila makutano, weka kidole kwenye ramani pale ulipo. Mtu anayejua alipo kila dakika 20 akipotea huwa amepotea kwa dakika 20 tu.

Na ifikapo ile saa uliyoiandika, tazama ulipo. Kama hujafika nusu, mlango unaofuata ndiyo njia yako. Nimetoka kwa milango hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

7. Ukipotea au ukiumia

Ukigundua hakuna alama, simama. Rudi hadi pale ulipokuwa na hakika, hata kama ni kilomita nzima. Usikate kati ya miti ukidhani unakwenda moja kwa moja. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha majaribio waliyowatembeza watu katika msitu wa Bienwald na katika jangwa la Sahara: jua lilipofunikwa na mawingu, watembeaji wa msituni walijikuta wakizunguka na kukatiza njia zao wenyewe bila kujua. Dira ya sumaku haina mawingu. Kama unayo, ielekeze kwenye barabara ndefu iliyo kwenye ramani, ile ambayo huwezi kuikosa, na uifuate hadi uiguse.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hali ya hatari, lakini huna kipima joto cha kulitazama, kwa hiyo mtazame mwenzako. Anajikwaa, ananung'unika, hawezi kufunga zipu, maneno yanaburuzika, anasema yuko sawa. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyoloa, mkalishe juu ya mkoba au godoro badala ya ardhi, mfunike hadi kichwani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza mwenyewe. Pombe hapana. Kusugua mikono na miguu hapana. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amezubaa, hali imezidi, piga simu.

Namba 112 inafanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kwingine jua namba ya huko kabla hujatoka. Ujerumani misitu mingi ina vibao vya kijani vyenye msalaba mweupe na namba ya mahali. Kuisoma tu namba hiyo kwenye simu kunatosha waokoaji kujua uliko. Penye mtandao hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupenya pale simu inaposhindwa. Pasipo mtandao kabisa, piga filimbi au mulika tochi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia mara 3 kwa dakika, umesikika. Endelea kupiga hadi wakufikie, maana sauti msituni hudanganya mwelekeo.

8. Ukishafika

Badilisha soksi na fulana palepale kabla ya kukaa kwenye gari au kusubiri basi. Dakika 10 za kukaa umeloa zinatosha kukuharibia jioni. Ondoa matope na mbegu kwenye buti, kwani magonjwa ya miti husafiri kwa nyayo kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Kama ulikuta mti umelala njiani au alama imeng'oka, waarifu wenye msitu, ukiwatajia kitalu au makutano ya karibu.

Kisha mpigie yule uliyemwachia ujumbe. Fanya hivyo kabla ya kufungua chakula, kabla ya kutuma picha kwa yeyote, kwa sababu kuna mtu ameketi anatazama saa, na akikosa kusikia kutoka kwako watu watavaa tochi na kuingia msituni kukutafuta wakati wewe umejinyoosha unakunywa supu.